Mla Nawe na Mzaliwa Nawe

Wazee wetu wa pwani wametuachia methali isemayo: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Maana yake, ndugu msomaji, ni kuwa huyo uliyeketi naye kwenye sinia leo, kesho likikufika la kukufika atanawa mikono aende zake. Atakayebaki nawe hadi kaburini ni yule mliyetoka tumbo moja. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa chuoni na juzuu mikononi, tukawasomea watoto wetu nao wakawasomea wao, na sijapata kumwona mtu aliyesimama akauliza: je, ni kweli?

Mimi nimelazimika kuuliza kwa sababu ya kitabu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, anayeishi Uingereza, alipokuja kunizuru alikileta mkobani. Kitabu hicho ni cha mtaalamu Janet Carsten, aliyesomesha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kinaitwa The Heat of the Hearth, yaani Joto la Jiko, na kilipigwa chapa mwaka 1997. Tulikisoma baada ya sala ya Alasiri, yeye akifasiri na mimi nikikatiza kwa masuala, mpaka tukakimaliza. Nimeona si haki kufaidi peke yangu, wala si haki kukisifu bila ya kusema pale niliposimama mbali nacho.

Mwandishi alikwenda kuishi katika kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Langkawi, kaskazini-magharibi ya Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikaa ndani ya nyumba ya watu, akawa kama binti wa kulelewa. Watu wa kisiwa hicho ni Wamalay Waislamu, tena madhehebu yao ni ya Imamu Shafi, kama sisi huku. Bahari yetu ni moja na pepo zetu za msimu ni moja. Hata wali wanauheshimu kama tunavyouheshimu, kwani nao wana majina matatu: ulioko shambani wanauita padi, uliokobolewa wanauita beras, na uliopikwa wanauita nasi. Sisi twasema mpunga, mchele, wali. Mzungu ana neno moja tu kwa yote matatu, na huenda ndiyo sababu imemchukua muda mrefu kutambua kuwa jikoni kuna jambo la kuandikiwa kitabu!

Na jambo lenyewe ni hili. Watu wa Langkawi wanasema kuwa damu ya mtu hutokana na chakula anachokula, na mama wa vyakula ni wali. Nyumba moja ina jiko moja, hata kama ndani yake wamo wana walioolewa na wajukuu. Wanaokula wali wa jiko moja, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, damu zao zinakurubiana. Mtoto aliyeletwa kulelewa hugeuka pole pole akawa wa nyumba ile, na majirani husema hata sura yake imeanza kufanana na ya waliomlea. Na watoto waliokunywa maziwa ya mama mmoja ni ndugu, hawaoani kamwe. Kwa hayo Bi Janet anajenga hoja yake kuu: undugu si kitu anachokamilishiwa mtu siku ya kuzaliwa. Ni kitu kinachoendelea kufanywa, na kinafanywa kwa kulisha.

Waona basi jinsi kijiji kile kinavyoipinga methali yetu uso kwa uso. Wao wanasema: mla nawe ndiye anayekuwa mzaliwa nawe.

Hakuwa wa kwanza kuliandika hili. Mwaka 1932 Audrey Richards alitoa kitabu juu ya njaa na kazi kwa watu wa kusini mwa Afrika, akasema kuwa tamaa ya chakula inafunga watu kwa nguvu kuliko matamanio ya mume na mke, na kuwa mtoto hujifunza nani ni nduguye kwa kuangalia nani anamlisha. Hoja njema. Lakini juu ya jalada aliwaita watu wale kabila la kishenzi. Watu wanaogawana tonge mpaka kwa mtoto wa shangazi, naye anawaita washenzi! Bi Janet hana ila hiyo. Anaandika kama mtu aliyekula wali wa watu na hakuusahau, na hiyo ni adabu ambayo wasafiri wengi waliokuja kutuandika sisi hawakuwa nayo.

Sasa nianze ugomvi wangu naye.

Mtu akisema undugu ni mwendo, kila tonge ni hatua, basi mimi mwalimu wa fikihi nina suala moja: unafika lini? Leo mtoto wa jirani amekula kwangu. Amekula wiki, amekula mwezi. Ni siku gani binti yangu atakuwa haramu kwake, na ni siku gani ataacha kumfunikia kichwa? Joto la jiko halina mpaka. Linapanda na kushuka. Hukumu lazima iwe na mpaka. Na kitabu chenyewe, ukikisoma kwa makini, kinashuhudia kuwa wanakijiji wanazo mizani mbili wala si moja. Wali wanauzungumza kwa mapenzi. Maziwa wanayazungumza kwa khofu: wanaogopa kijana asije akamwoa msichana ambaye walinyonya ziwa moja bila ya kujua. Kwa nini khofu iwe kwenye maziwa tu? Kwa sababu hapo imeingia sharia. Bi Janet anayafunga maziwa na wali katika kamba moja, na kwa mtu anayechunguza mila si vibaya. Lakini mimi namwomba msomaji wetu aifungue kamba hiyo.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu amewataja mama walionyonyesha na dada wa kunyonya pamoja na mama na dada wa kuzaliwa, katika orodha moja ya wasioolewa. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wakaweka mpaka: minyonyo mitano iliyo kamili, na mtoto awe hajatimiza miaka miwili. Hanafi na Maliki hawakuhesabu, kwao hata kidogo chatosha. Na walipotafuta hikima yake walitegemea hadithi inayosema kuwa kunyonya kunakozingatiwa ni kule kunakootesha nyama na kutia nguvu mfupa. Zingatia hapo! Babu yule mvuvi wa Langkawi anayesema chakula hugeuka damu, na mwanachuoni aliyekaa na vitabu vyake Madina, wameshika njia moja. Wanatembea pamoja mpaka mtoto anapoachishwa ziwa, kisha wanaachana. Mvuvi anaendelea na wali. Mwanachuoni anasimama.

Je, kusimama huku ni ukavu wa moyo? Hebu tutazame malezi ya Mtume wetu (S.A.W.). Alinyonyeshwa na Thuwayba, kijakazi wa Abu Lahab, ambaye alimnyonyesha pia Hamza. Alipoelekezwa baadaye kumwoa binti wa Hamza, alikataa, kwa kuwa Hamza, juu ya kuwa ami yake, ni nduguye wa kunyonya. Kisha akalelewa na Bibi Halima wa Bani Saad. Na baada ya vita vya Hunayn waandishi wa sira wanasimulia kuwa aliletwa mateka mwanamke mtu mzima, akadai kuwa yeye ni Shaymaa, dada yake wa kunyonya. Alipoulizwa dalili alionyesha alama ya meno mgongoni, aliyong'atwa na Mtume akiwa mtoto mchanga aliyembeba. Mtume akamtandikia nguo yake akamkalisha. Miaka zaidi ya hamsini imepita, kabila lake limetoka kupigana naye, na maziwa yangali yana haki.

Na usisahau kuwa Bibi Halima alikwenda Makka kutafuta ujira. Hakwenda kutafuta mtoto wa kupenda. Wenziwe hata walimkataa yatima kwa kuchelea malipo duni. Nasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kuwa kulisha kwa malipo hakuzai undugu. Ufaransa walikuwa na desturi kama hiyo hiyo. Mkuu wa polisi wa Paris, Lenoir, aliandika mwaka 1780 kuwa katika watoto 21,000 hivi waliozaliwa mjini humo kwa mwaka, walionyonyeshwa na mama zao hawakufika 1,000. Wengine 1,000 waliwekewa wanyonyeshaji nyumbani, na waliobaki walipelekwa mashamba kwa wanawake wa kulipwa. Wengi hawakurudi. Lugha yao inalo neno la ndugu wa maziwa, lakini nyuma ya neno hapana kitu: hapana katazo la ndoa, hapana haki, hapana wa kumtandikia mwenziwe nguo. Malipo yakiisha, yameisha. Mwanafalsafa wao Rousseau alikuwa ametoa kitabu mwaka 1762 akiwahimiza akina mama wanyonyeshe wenyewe, na alisema kweli. Lakini yeye mwenyewe watoto wake watano aliwapeleka katika nyumba ya watoto waliotupwa, na habari hii tunaijua kwa kalamu yake. Waarabu walilipa na Wafaransa walilipa. Tofauti ni kile kilichobaki baada ya malipo.

Jambo jingine ambalo ningetamani Bi Janet alikuze ni baba. Jiko la kitabu chake ni jiko la wanawake, na wanaume wako baharini. Kweli, ndivyo wavuvi walivyo. Lakini katika sharia yetu maziwa nayo yana baba. Bibi Aisha (R.A.) alijiwa na Aflah, ndugu wa mume wa mwanamke aliyemnyonyesha, akaomba kuingia. Akakataa kumwingiza, akitoa hoja kuwa aliyemnyonyesha ni mwanamke, si mwanamume. Mtume akamwambia amruhusu, kwa kuwa huyo ni ami yake. Na Suratul Baqara, aya ya 233, imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Kwa hiyo samaki wa mvuvi yule amo ndani ya maziwa! Hii ni fikra ambayo kitabu kingeweza kuitumia vizuri sana.

Basi turudi kwetu, kwani sikusoma habari za Langkawi ili nicheke ya watu. Nimesoma nikaona sisi tumepoteza pande zote mbili, la maziwa na la wali.

Kwanza la maziwa. Mama zetu walisaidiana. Mwenye kuumwa, jirani alimchukua mwanawe akampa ziwa. Mwenye kwenda shamba, dada alibaki na watoto wawili kifuani. Ni wema mkubwa. Lakini nani aliandika? Tarehe za kuzaliwa watoto tulizoea kuziandika nyuma ya msahafu au ndani ya jalada la kitabu cha Maulidi, na jina la aliyenyonyesha halikuandikwa. Katika miaka yangu ya kusomesha nimeletewa zaidi ya mara moja suala la uchumba uliokwisha kutolewa mahari, kisha bibi mmoja mzee akakohoa pembeni akasema, "Lakini hawa wote wawili nimewanyonyesha mimi." Hapo tena ni vilio. Mnamkumbuka Uqba bin Harith (R.A.): alikwisha oa, akatokea mwanamke akasema amewanyonyesha yeye na mkewe, akapanda mnyama kutoka Makka mpaka Madina kuuliza. Mtume akamwambia vipi akae naye na maneno hayo yamekwisha semwa. Wakaachana. Safari yote ile, na ndoa ile, ingeokolewa na neno moja lililosemwa mapema.

Ndiyo sababu pia wanavyuoni wa Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, waliokutana Jidda mwaka 1985, walikataza kuanzishwa benki za maziwa ya akina mama katika nchi za Waislamu. Maziwa ya wengi yakichanganywa chupani, nani atajua nani ni mama wa nani? Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa na rai nyingine, akaona yanajuzu, akitegemea kauli ya Ibn Hazm kuwa kunyonya ni kwa kinywa kwenye ziwa, si kwa chombo. Mimi nafuata jamhuri ya wanavyuoni. Hata hivyo mtoto njiti anayehitaji maziwa hospitalini apewe, na jina la mwenye maziwa liandikwe. Jina tu.

Pili la wali, na hapa kitabu kimenichoma. Tunao watoto wa kulelewa katika nyumba zetu: mtoto wa ndugu aliyefariki, mtoto aliyeletwa mjini apate kusoma, mtoto wa mke kwa mume wa kwanza. Tazama wakati wa kula. Watoto wa nyumba wamepakuliwa wali na kitoweo chini ya kawa. Yule aliyekuja anangoja jikoni ukoko na mchuzi uliobaki. Ukimwuliza mwenye nyumba atakwambia sharia haimfanyi kuwa mwanawe. Kweli haimfanyi. Zayd bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad mpaka ziliposhuka aya za Suratul Ahzab kuamrisha watu waitwe kwa baba zao. Jina lilirudi kwa Haritha. Je, mapenzi nayo yalirudi? Usama mwana wa Zayd alijulikana Madina yote kuwa kipenzi cha Mtume, mwana wa kipenzi chake. Sharia iliondoa uongo wa nasaba. Haikuondoa mkono uliokuwa ukimlisha.

Na iko hadithi ya Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bibi Ummu Salama kwa mumewe aliyekufa. Alikuwa kijana mdogo katika ulezi wa Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia nzima. Mtume akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Sote tunaijua, tunawasomesha watoto adabu tatu hizo. Lakini twasahau alikuwa ameketi wapi. Mtoto wa kambo alikuwa kwenye sinia moja na Mtume wa Mwenyezi Mungu, mkono wake umefika mpaka upande wa pili na hakufukuzwa. Naye mwenyewe anatusimulia kuwa tangu siku hiyo hakula ila hivyo. Mafunzo ya dakika moja yamedumu maisha, kwa sababu yalitolewa chakula kikiwa katikati yao.

Sasa hata watoto wetu wa kuzaa hatuli nao. Baba hula akirudi, peke yake, na simu iko kando ya sahani. Mama amekwisha kula amesimama. Watoto wamelishwa na msichana wa kazi mbele ya televisheni, na yeye ndiye ajuaye yupi hapendi bamia na yupi hulala njaa akikaripiwa. Wamalay wale wangetuambia kuwa watoto wanafanana na msichana wa kazi. Nasi tungekasirika.

Kwa hivyo methali yetu naiona imesema nusu. Ndugu wa tumbo moja waliolishwa mbalimbali nimewaona wakishtakiana kwa kiwanja cha hatua kumi. Na nimeona jeneza la mzee lililobebwa mbele na kijana aliyeletwa kwake na miaka sita, na hawana damu hata tone. Kitabu cha Bi Janet kimeileta nusu nyingine, ingawa chenyewe nacho kinaizidisha pale kinapoacha wali uende kwa mwendo mmoja na maziwa.

Mwenye mtoto wa kulea aliye chini ya miaka miwili ana njia ambayo sharia imemfungulia, na ajabu ni wachache wanaoitumia. Anyonyeshe mwenyewe kama ana maziwa. La hana, amnyonyeshe dada yake au binti yake aliyezaa, minyonyo mitano kamili, na mashahidi wajue. Mtoto akibaleghe atakuwa maharimu katika nyumba ile, na hatalazimika kuhamishiwa chumba cha uani kama mgeni. Lakini wengi huja kuuliza mtoto akiwa na miaka kumi na mbili, wakati ambapo ilikuwa iulizwe akiwa na miezi mitatu.

Ama aliyechelewa, yule aliyekuja na meno yake akala wali tu, hatakuwa maharimu wala hatarithi. Na wa maziwa naye harithi. Yapo maneno ya kumwandikia hata hivyo. Kila mtu anayo theluthi ya mali yake anayoweza kumuusia asiyekuwa mrithi, na wosia huo huandikwa mtu angali mzima na ana akili zake, si siku ya kukata roho watu wamejaa chumbani. Ningependa kujua watu wa Langkawi, ambao ni Mashafi wenzetu na wanampenda hivyo mtoto wa jiko lao, huiandika theluthi hiyo kwa nani.